Nyaya za shaba zilikufa Bukavu bila tangazo. Mitandao ya leo nayo ikizeeka, biashara zetu zitajuaje?

Uingereza imeweka tarehe: 31 Januari 2027. Siku hiyo simu za mezani za zamani, zile zinazopita kwenye nyaya za shaba, zinapaswa kuzimwa nchi nzima. Kwanza ilikuwa Desemba 2025, lakini mwaka 2024 wakasogeza mbele, juu wazee na wagonjwa wengi kule wana kifaa cha kuita musaada kinachotegemea laini hizo, na ilishaonekana kwamba vifaa vingine vinanyamaza laini inapobadilishwa. Ufaransa nako, Orange iliacha kuuza laini mpya za aina ile mwezi wa kumi na moja 2018, na imejipa hadi 2030 kumaliza kuzima shaba yote, eneo kwa eneo. Wafanyabiashara wa kule wanaambiwa wachunguze mapema: mashine ya kadi ya banki inapita kwenye laini gani? Kengele ya wezi? Simu iliyo ndani ya asanseri?

Musomaji wa Bukavu anaweza kucheka. Shaba gani tena? Mutoto aliyezaliwa Kadutu mwaka 2000 pengine hajasikia hata siku moja simu ya mezani ya Posta ikilia. Lakini habari hii inatuhusu sana. Sisi tulishapita katika kufa kwa shaba, na tulipita vibaya: bila tarehe, bila barua, bila mutu wa kuuliza. Na mitandao tunayotumia leo, ile inayobeba mauzo, mishahara na pesa za masomo ya watoto, nayo iko na umri wake.

Posta, foni, halafu simu ya mukononi

Wakati wa Zaïre simu ilikuwa mali ya Posta: ONPTZ, iliyokuja kuitwa OCPT, na leo ni SCPT. Wenye laini walikuwa nyumba kubwa za biashara, misheni, banki, ofisi za serkali na wakubwa wachache. Kila laini ilikuwa nyaya mbili nyembamba za shaba zinazotoka kwenye nyumba mupaka kwenye sentrali. Kutunza mutandao wa namna hiyo ni kazi ya kila siku. Maji yanaingia kwenye kebo. Udongo wa Bukavu unateremka na vyote vilivyozikwa ndani yake, kila mukaaji wa milima yetu anajua. Mafundi wanataka kula. Miaka ya 1980 na ya 1990 mushahara wa serkali ukapoteza maana, vipuri vikakosekana, na vita iliyofika Bukavu mwezi wa kumi 1996, kisha ile ya 1998, zikakuta mutandao umeshachoka. Hesabu zilizochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitaja laini za mezani karibu 10,000 tu kwa Congo nzima, nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 50.

Na hii ni nchi ya shaba! Leo Congo iko kati ya nchi zinazotoa shaba nyingi kuliko zote duniani, na kwa miaka na miaka shaba ya Katanga ilipelekwa Ubelgiji kusafishwa na kugeuzwa waya. Ni jambo la kufikiria wakati mutu anapita mbele ya nyumba ya Posta.

Biashara hazikungoja Posta ipone. Zilishika foni, ile redio ya masafa marefu. Kabla ya simu za mukononi, anayetaka kujua kama ndege ndogo imefika Shabunda, ao kama muzigo umepokelewa Kindu, alikuwa anaenda kwenye nyumba yenye foni, analipa, anangoja zamu yake, anaongea huku akisema "over" kila mwisho wa maneno. Shida ilikuwa moja kubwa: kila mwenye foni kwenye masafa yale alisikia. Wanunuzi wa dhahabu wakawa na lugha yao ya mafumbo ili bei isijulikane kabla ya muzigo kufika. Padri na muganga nao waliongea humo humo. Siri haikuwako, lakini habari ilipita.

Kinshasa, wenye pesa walikuwa wameshapata Telecel tangu mwaka 1986, kampuni ya Miko Rwayitare, moja ya mitandao ya kwanza kabisa ya simu za mukononi Afrika. Ilikuwa ghali sana, simu ya mawaziri na matajiri. Kwetu ilibidi kungoja mwanzo wa miaka ya 2000, na Supercell, Celtel, Vodacom, CCT. Majina yamebadilika tangu hapo. Celtel ikawa Zain, kisha mwaka 2010 ikawa Airtel. CCT, iliyokuwa ya Wachina wa ZTE pamoja na serkali ya Congo, ilinunuliwa na Orange mwaka 2011. Tigo nayo ikamezwa na Orange mwaka 2016. Kila mara muteja alilala na kampuni moja akaamuka na ingine.

Mutu akisoma haya anaweza kusema: basi tuliruka hatua, tukaacha shaba nyuma, tumewashinda Wazungu wanaohangaika na barua zao. Ni kweli nusu. Simu ya mukononi ilitupa kile ambacho Posta haikuweza kutupa hata ingekaa miaka mia. Lakini shaba ilikuwa inafanya kazi mbili kimya kimya, na siku ilipokufa hakuna aliyetuambia kwamba kazi hizo sasa ni zetu wenyewe.

Umeme ulikuwa unatoka Posta

Kazi ya kwanza ni umeme. Simu ya mezani ya zamani haikuchomekwa kwenye ukuta wa SNEL. Ilipata nguvu yake, volti 48 hivi, kwenye waya ule ule wa shaba, kutoka kwenye betri kubwa za sentrali. Umeme ukikatika kwenye mutaa muzima, simu iliendelea kulia. Njo maana Waingereza wanasumbuka: faiba inabeba mwanga, haibebi umeme, na kisanduku cha intaneti nyumbani kinazimika pamoja na taa.

Kule wanaongelea kukatika kwa umeme kama ajali inayotokea mara chache. Hapa kwetu delestaji ni ratiba. Bukavu inakula umeme wa Ruzizi I, mutambo wa tangu mwisho wa miaka ya 1950, na wa Ruzizi II, wa mwaka 1989, tunaogawana na Rwanda na Burundi. Muji umeongezeka mara nyingi, mitambo imebaki ile ile. Basi duka la dawa ao depo ya vinywaji inayopokea komande kwa WhatsApp kupitia kisanduku cha intaneti, bila betri, ni duka lenye simu ya nusu siku.

Dawa yake haina bei kubwa, na hapa hesabu inasaidia kuliko maneno. Kisanduku cha kawaida cha intaneti kinakula wati 10 hivi, na vingi vinatumia volti 12. Betri ndogo ya volti 12 na ampea 7, ya aina ile wanayotia kwenye pikipiki, inabeba karibu wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi ni saa nane. Kwa hesabu ya Bukavu, na betri isiyokuwa mpya, tuseme saa tano. Inatosha kwa asubuhi nzima ya kazi. Mwenye Starlink ajue kwamba chombo chake ni mulafi: kinaweza kula wati 50 ao 75, na betri ile ile haitakipeleka mbali kuliko saa moja. (Starlink yenyewe, ARPTC iliikataza mwezi wa tatu 2024, kisha mwezi wa tano 2025 ikatangaza kwamba imeipa ruhusa. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda, ilikuwa inauzwa tangu 2023, na kila mutu anajua mupaka wetu unavyopitisha vitu.)

Antena nazo zinakula. Mulingoti wa simu uko na betri zake na mara nyingi jenereta, na mafuta yakikosekana, ao barabara ikifungwa, unalala. Kampuni mbili zinaweza kukaa kwenye mulingoti mumoja. Kuwa na SIM mbili za kampuni mbili ni vizuri, lakini uangalie siku ya shida kama zote mbili zinapotea kwa wakati mumoja pale duka lako lilipo. Kama ndiyo, una SIM mbili na njia moja. Mwenye duka Nyawera na mwenye duka Panzi hawatapata jibu moja. Inabidi kila mutu ajaribu mwenyewe, muchana na usiku, kwa majuma mawili matatu, na aandike.

Namba ya butiki, ao namba ya mupwa wako?

Kazi ya pili ya shaba ni kubwa zaidi, na kwa maoni yetu njo penye hatari ya kweli leo. Namba ya Posta ilikuwa ya nyumba. Muuzaji akifukuzwa, bosi akifa, watoto wakigombana, namba ilibaki pale pale kwenye meza. Ilichapwa hata kwenye kitabu cha majina na namba cha nchi nzima. Kadi ya SIM ni ya mutu. Imeandikwa kwa jina la yule aliyeenda kuinunua, na kadi yake ya uchaguzi.

Sasa angalia kuta za muji. Namba zimepakwa rangi kwenye milango ya magazeni, zimechapwa kwenye fakture, kwenye kashe, kwenye mifuko. Ngapi kati ya hizo zimeandikwa kwa jina la biashara? Wengi wetu tulianza hivi: mupwa alikuwa anasaidia dukani, alikuwa na SIM ya ziada, tukaitumia. Wateja wakaizoea. Tukafungulia M-Pesa ao Airtel Money juu yake. Miaka sita imepita, mupwa amehamia Kalemie, kadi ya uchaguzi iliyotumika ni ile ya zamani na imeshapotea. Siku simu ikiibiwa pale Feu Rouge, nani ataenda kwenye ajansi kuomba SIM mpya ya namba ile ile? Mama mwenye duka akienda, ataulizwa kitambulisho cha mwenye laini, na hana. Mfanyakazi wa ajansi hakosei akikataa, juu kama angekubali, mwizi naye angekubaliwa.

Kuna hatari ya pili ambayo haionekani. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa, kampuni inaweza kuifunga na kuiuza tena kwa mutu mwingine. Namba ni chache, ni kawaida dunia nzima. Lakini ukuta wako bado unaitangaza. Muteja wa Walungu aliyehifadhi namba ile anatuma pesa ya mifuko kumi ya simenti, anapata ujumbe kwamba imepokelewa, anapiga simu: "Mama, nilishatuma!" Na Mama hajaona kitu. Pesa iko kwa kijana asiyemujua, na hapo hakuna aliyeiba. Ni kuta tu na fakture zilizobaki nyuma.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwenye biashara, kabla ya kununua chombo chochote, ni kukaa chini na kaye na kuandika kila namba inayotumika: imeandikwa kwa jina la nani, kwa kitambulisho gani, pesa gani zinapita juu yake, na imechapwa wapi. Mwenye RCCM anaweza kuomba laini iandikwe kwa jina la kampuni, na hapo hata akibadilisha wafanyakazi, laini inabaki. Mwenye patente tu aiandike kwa jina lake mwenyewe, si la mutoto, si la mufanyakazi, na kitambulisho kiwe kile alichonacho leo mukononi. Kazi hiyo ni rahisi siku ambayo hakuna shida. Siku ya shida inakuwa kesi.

Na wateja waandikwe pia kwenye karatasi. Wafanyabiashara wengi leo wana orodha ya wateja na ya madeni ndani ya simu moja tu. Simu ikianguka ziwani, deni limeanguka nayo.

Wenye mitandao yetu wameshaanza kuzima kwao

Tulisema mitandao ya leo inazeeka. Tueleze. Simu ndogo ya vitufe inapita kwenye 2G. Simu kubwa zinatumia 3G, na tangu 2018 nchini kwetu, 4G. Kampuni haitaki kulisha mitandao mitatu ao mine kwa wakati mumoja juu ya mulingoti uleule. Inazima ya zamani, inatumia masafa yake kwa mipya. Ni kisa kile kile cha shaba na faiba, ila hapa hakuna waya wa kuonekana ukikatwa.

Angalia nani ana mitandao ya Bukavu. Vodacom Congo iko mikononi mwa Vodacom ya Afrika Kusini, ambayo nayo ni ya Vodafone ya Uingereza. Vodafone ilimaliza kuzima 3G yake kule mwaka 2024. Airtel ni ya Wahindi; kwao India, 3G ilizimwa kufikia 2020. Orange ni ya Ufaransa, na kule imetangaza kwamba inaanza kuondoa 2G, kisha 3G mwishoni mwa 2028. Sisemi kwamba watafanya hivyo hapa kesho. Soko letu ni lingine: simu za vitufe ni nyingi sana, na kampuni haitafukuza wateja wake kwa furaha. Ila anayefikiri kwamba 2G ni ya milele aangalie wenye mali wanafanya nini nyumbani kwao.

Na mupangilio ni jambo kubwa. Uingereza na India walianza kwa kuzima 3G na kuacha 2G kwanza; Waingereza wamesema 2G na 3G zote zitakuwa zimekwisha kufikia 2033. Orange ya Ufaransa imeanza kwa 2G. Kwa Bukavu tofauti hiyo ni tofauti ya maisha. Ukizima 3G, wenye simu kubwa za zamani wanarudi kwenye 2G, intaneti inakuwa nzito lakini sauti na pesa ya simu vinapita. Ukizima 2G, ile simu ndogo ya mama anayeuza ndizi pale soko la Kadutu inakuwa jiwe. Pesa ya simu tunayotuma kwa kubonyeza nyota na namba haihitaji mega hata moja, na ndiyo sababu imefika mupaka vijijini. Inapita kwenye njia hizo za zamani.

Siyo simu peke yake. Kifaa cha kufuatilia lori kilichofichwa chini ya kiti, kengele za magazeni zinazotuma ujumbe, mashine za kadi ya banki kwenye hoteli: vingi vina SIM ndani, na vingi vya bei nafuu ni vya 2G tu. Vinafika kwetu kwa wingi pengine kwa sababu sehemu zingine za dunia hazivitaki tena. Ukinunua leo, uliza swali moja: hii inapita kwenye 4G? Muuzaji akikosa jibu, soma kwenye boksi.

Hapo hata shaba inarudi kidogo. Hoteli, hospitali na ofisi kadhaa za muji bado zina nyaya za simu ndani ya kuta, za kupigiana kutoka chumba hadi mapokezi, ao kutoka maternite hadi kwa daktari. Wengine wanaziachilia wakiona ni za kizamani. Ni kosa. Nyaya hizo ni nzima kwa miaka mingi bado, hazilipi uniti, na zinaendelea kufanya kazi rezo ya nje ikipotea, mradi chombo cha katikati kiko na betri. Kuna visanduku vinavyopokea SIM upande mumoja na kutoa laini kama ya Posta upande wa pili, na jengo zima linapata kupiga nje. Ila na hivyo pia, vile vya bei ya chini ni vya 2G.

Kufungwa kwa amri

Shaba ilikufa kwa uchovu. Mitandao ya leo inaweza pia kufungwa kwa amri, na tumeshaona. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, ujumbe mufupi wa simu ulizuiliwa nchi nzima kwa zaidi ya majuma matatu. Januari 2015 intaneti ikafungwa. Kuanzia 31 Desemba 2018 ikafungwa tena, karibu siku 20. Mara hiyo ya mwisho wengi walikuwa wameshahamisha biashara yao yote kwenye WhatsApp: komande, picha za bidhaa, bei. Waliokuwa na namba za wateja wao kwa kupiga simu ya kawaida waliendelea kuuza. Waliokuwa na kikundi tu, kikundi kilinyamaza.

Kisha ikaja Februari 2025. Muji ukaingia mikononi mwa AFC/M23, banki zikafunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa. Pesa taslimu ikawa adimu. Kilichobeba muji kilikuwa kabini: kijana ao mama chini ya mwavuli, na simu mbili tatu, nyingi za vitufe. Mushahara wa mwalimu, pesa ya mutoto aliyeko Ulaya, malipo ya muchele kutoka Uvira, vyote vilipita pale. Duka lenye laini ya biashara iliyoandikwa vizuri liliweza kupokea. Duka lililokuwa na akaunti ya banki peke yake liligonga mulango uliofungwa.

Njo maana maneno ya 2G na 3G si maneno ya wataalamu wa Kinshasa. Siku mutandao wa zamani utakapozimwa hapa, kitu kitakachozimika ni banki ambayo watu wa muji huu walibaki nayo.

Nani atangaze, na kwa lugha gani

Sheria ya simu na teknolojia ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 2002, na kazi ya kusimamia kampuni ni ya mamlaka ambayo watu bado wanaiita ARPTC. Wakati wa kodi ya RAM, iliyoanza 2020 na kuondolewa 2022 baada ya kelele nyingi, tuliona kwamba uniti zetu zinaweza kukatwa kabla watu hawajaelewa ni kwa nini. Wengi walijulia kwenye simu, pesa imeshatoka. Kuzima mutandao kwa namna ile kungekuwa vibaya mara kumi.

FEC ya Kivu Kusini na vyama vya wachuruzi wangeweza kuanza kuomba sasa, wakati hakuna haraka: tarehe itolewe muji kwa muji, angalau mwaka mumoja mbele, 2G isitangulie 3G, kubadilisha SIM kuwe bure, na tangazo lipite kwenye redio kwa Kiswahili na Mashi, siyo tu kwenye karatasi ya Kifaransa iliyobandikwa kwenye ajansi. Ugumu ni kwamba mamlaka iko Kinshasa na Bukavu iko chini ya utawala mwingine, na mufanyabiashara mwenye malalamiko anabaki katikati. Kampuni zenyewe lakini ziko pande zote mbili, ajansi zao ziko wazi, na muteja wao ni wewe.

Kwa sasa, kilicho mukononi mwa kila mutu ni kidogo na kinaweza kufanywa juma hili. Enda kwenye ajansi na kitambulisho chako, uliza laini ya duka imeandikwa kwa jina la nani, na kama si lako, uombe ibadilishwe mwenye jina akiwa bado anapatikana. Uliza kama SIM yako ni ya 4G. Zile kuukuu siyo. Ukiwa na lalamiko, liandike kwenye karatasi mbili, wapige kashe ya kupokea kwenye moja, uiweke pamoja na RCCM ao patente yako. Kisha tafuta rangi na burashi, uangalie ukuta wako.